Yatima wa Vita ni Mtoto wa Nani?

Umezuka mtindo, nao sasa umekuwa kama desturi, wa kuwaonyesha watu picha ya mtoto wa Sudan Kusini aliyeshika sahani tupu, kisha kuwaambia kwamba mtoto huyo hana mtu. Picha hizo hubandikwa kwenye mbao za matangazo za makanisa, huchapwa katika kalenda na vipeperushi vya mashirika ya kimisheni ya Ulaya na Marekani, na baadhi yake zimefika hata maofisini, ambako twaombwa tuchangie nyumba ya kuwalelea yatima. Maneno yaandamanayo nazo hayabadiliki: vita vimewaua wazazi, mtoto amebaki peke yake ulimwenguni, na kanisa fulani limejitolea kuwa baba yake na mama yake. Sisi tuliolelewa katika ukoo hatuna budi kusimama kwenye neno hilo "peke yake" na kuuliza limetoka wapi.

Tusieleweke vibaya. Hatuna ugomvi na mkate, wala na daftari, wala na sista anayemfunga jeraha mtoto asiyemjua. Nchi ile imeona vita ambavyo wachache katika bara letu wamevionja kwa muda mrefu kiasi hicho. Vya kwanza vilianza mwaka 1955, kabla Sudan haijapata uhuru wake, vikaisha mwaka 1972 kwa mapatano ya Addis Ababa. Vya pili vikaanza mwaka 1983 na kwisha mwaka 2005. Na baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, wananchi wenyewe kwa wenyewe wakashikana tangu Desemba 2013. Watafiti wa London walikadiria mwaka 2018 kwamba vita hivi vya mwisho peke yake vilikuwa vimesababisha vifo vya watu wapatao 383,000, na mwaka huo huo UNICEF ikasema kwamba watoto zaidi ya milioni 2 hawakuwa shuleni. Katika hali kama hiyo mtu ajengaye darasa, awe Mtaliano au Mmarekani, apewe heshima yake. Hata mapatano yale ya 1972 yasingalipatikana upesi kama Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Baraza la Makanisa ya Afrika Nzima hayangaliingia kati kuwapatanisha wagombanao.

Tena kwa miaka mingi hapakuwa na mwalimu mwingine. Waingereza walipoitawala Sudan waliigawa nchi ya kusini baina ya misheni kama mtu agawavyo shamba kwa wanawe: Wakatoliki huku, Waanglikana wa CMS kule, Wapresbiteri wa Marekani kando ya mto Sobat. Serikali ikajivua mzigo wa elimu, ikawatupia watu wa dini, nayo ikawa yatoa ruzuku ndogo. Hata lugha za kufundishia zilipangwa kwa njia hiyo. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano mjini Rejaf, na humo Kidinka, Kibari, Kinuer, Kishilluk, Kilotuko na Kizande zikawa miongoni mwa lugha zilizochaguliwa ziandikiwe vitabu vya shule. Mwenye haki apewe haki yake: mmisheni alimfundisha mtoto wa Kidinka kwa Kidinka, wakati ambapo watawala wengi wa Afrika hawakuona kwamba lugha zetu zafaa kuandikwa.

Wapo ndugu zetu ambao wakisikia neno misheni hukunja uso mara moja na kusema: wafukuzwe, ni masalio ya mkoloni. Hao twawaomba watazame kilichotokea Sudan, kwa maana dawa yao ilikwisha kunywewa huko. Mwaka 1957 serikali ya Khartoum ilitangaza kuzitwaa shule za misheni za kusini. Mwaka 1960 ikaiondoa Jumapili isiwe siku ya mapumziko, ikaweka Ijumaa, na wanafunzi wakagoma. Mwaka 1962 ikatunga sheria ya kuzibana jumuiya za kimisheni, na mwaka 1964 ikawafukuza kusini wamisheni wote wa kigeni, wapatao 300. Je, baada ya hapo mtoto wa kusini alipata shule iliyo yake? Alipata Kiarabu badala ya lugha ya mamaye, na askari badala ya padri. Shule nyingi zilifungwa, na vijana wakakimbilia Uganda na Kongo, au msituni. Wala kosa halikuwa la Uislamu. Sisi wa nchi hii, ambamo msikiti na kanisa hutazamana barabarani na watu wakazikana bila kuulizana dini, twajua kwamba Uislamu haumlazimishi mtoto wa mtu. Kosa lilikuwa la watawala waliotaka kumfanya mwananchi mtu mwingine kabla ya kumtambua kuwa mwananchi.

Na kama mtu atasema kwamba sisi nasi tulizitwaa shule za misheni, tutamjibu kuwa ni kweli tulizitwaa, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Wapo walionung'unika. Lakini mwalimu wa misheni aliendelea kufundisha, Mkristo aliendelea kusali Jumapili na Mwislamu Ijumaa, na mtoto wa shule ya msingi alisomeshwa kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna kabila lililoionea lingine wivu. Serikali ilitwaa shule ili mtoto wa mkulima, awe wa dini yoyote, apate nafasi. Khartoum ilizitwaa ili mtoto abadilike. Tendo ni moja kwa jina tu. Na hapa petu serikali haikuona haya kuyarudia makanisa: mwaka 1992 pande hizo ziliandikiana hati ya makubaliano juu ya huduma za jamii.

Kwa hiyo ugomvi wetu hauhusu kuwapo kwa misheni. Unahusu lile jengo lenye ua, geti na kibao chenye jina la mfadhili, ambamo mtoto wa vita huingizwa akiwa na umri wa miaka minne na kutolewa akiwa na umri wa miaka kumi na minane. Twasema wazi kwamba jengo hilo, hata likiwa safi na watu wake wakiwa wema, limejengwa juu ya fikra isiyo ya kweli kuhusu mtoto wa Kiafrika. Na katika Sudan Kusini fikra hiyo ina kosa la zaidi, kwa kuwa makanisa yenyewe yalisaidia kuibomoa nyumba ambayo sasa yanajitolea kuijenga upya kwa matofali.

Tueleze. Mwingereza Evans-Pritchard, aliyeishi miongoni mwa Wanuer katika miaka ya 1930 na kuandika vitabu juu yao, aliieleza kwa marefu sheria yao ya ndoa. Ng'ombe wa mahari wanapotoka katika zizi la ukoo mmoja na kuingia katika zizi la ukoo mwingine, watoto watakaozaliwa huwa wa yule aliyetolewa ng'ombe kwa jina lake, na kifo hakiivunji sheria hiyo. Mume akifa, mkewe hubaki mke wake. Ndugu ya marehemu hukaa naye, na watoto watakaozaliwa huitwa watoto wa marehemu. Na kijana akifa bila mrithi wa kiume, jamaa yake humwolea mke kwa jina lake huyo aliyekufa, ili jina lisipotee. Wadinka nao wana desturi za namna hiyo. Mtu wa mjini aweza kucheka akisikia kwamba maiti ameoa. Lakini afikiri kidogo kabla ya kucheka. Katika sheria kama hiyo hakuna mtoto asiye na baba. Baba aweza kufa, ubaba haufi. Mtoto ana jina la kuitwa, ana zizi la kudai haki yake, ana baba wadogo wanaolazimika mbele ya wazee kumtafutia ng'ombe wa kuolea atakapokua. Hilo neno yatima, kwa maana ya mtoto aliyebaki peke yake, halina pa kukaa humo.

Walipokuja wamisheni, desturi hii waliiona kuwa ni uzinzi na ndoa ya wake wengi, wakaipinga mimbarini na katika mafundisho ya ubatizo. Aliyetaka kubatizwa ilimpasa amwache mjane wa nduguye. Sisi hatuhimizi mjane yeyote arithiwe kama kiti. Mwanamke si mali, na desturi hiyo hapa kwetu imekwisha kuleta madhara ya kutosha, maradhi yakiwamo. Lakini ndani ya desturi palikuwa na mambo mawili, na mmisheni aliyatupa yote mawili pamoja: lile la kumlazimisha mjane, ambalo lilistahili kutupwa, na lile la kumhakikishia mtoto jina na mlezi, ambalo ni hazina. Lingeweza kutengwa na kuhifadhiwa. Sheria ya Kiislamu, ambayo wengi wetu wa pwani twaijua, humtaka mlezi amwache mtoto wa kulea na jina la baba yake mzazi, na inatisha vikali juu ya atakayekula mali ya yatima. Mnuer asiyewahi kuona msikiti na faqihi wa Lamu wangesikilizana juu ya neno hili bila mkalimani.

Tena kuna jambo ambalo mtunga mashairi yeyote atalielewa upesi. Kijana wa Kidinka anapofikia utu uzima hupewa ng'ombe dume awe wake, na jina la rangi ya ng'ombe huyo huwa jina lake la heshima. Humtungia nyimbo, huziimba akitembea naye mbele ya watu, na katika nyimbo hizo huwataja baba zake, ugomvi wa ukoo na mashtaka yake juu ya dunia. Francis Mading Deng, mwana wa nchi hiyo, alizikusanya nyimbo za Wadinka katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Nani atampa ng'ombe dume mtoto aliyekulia ndani ya ua? Na akipewa, atamtaja nani katika wimbo wake? Atakuwa anajua kuimba, bila shaka, maana kwaya za vituo hivyo ni nzuri na hupelekwa ng'ambo kuwaimbia wafadhili. Huimba wanachofundishwa.

Mambo haya hatuyasemi kwa kukisia, kwa kuwa yalikwisha kupita katika nchi yetu sisi wenyewe. Katika karne ya 19 vita vya kuwinda watumwa viliwaacha watoto wengi bila nyumba, na misheni zikawachukua. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwanunua watoto katika soko la watumwa la Unguja, lililokuja kufungwa mwaka 1873, wakawaweka katika nyumba zao, wakawapa majina ya watakatifu wa Ulaya, wakawafundisha kusali na kulima, na walipokua wakawaozesha wao kwa wao na kuwapa kijiji chao kando ya misheni. CMS walifanya vivyo hivyo Freretown, Mombasa, tangu mwaka 1875. Waanglikana wa UMCA walikuwa na shule ya wavulana Kiungani na makazi ya waliokombolewa Mbweni, Unguja. Wema wa watu hao hatuutilii shaka, na wengi wao walizikwa kwenye udongo huu wakiwa bado vijana, kwa homa.

Lakini matunda yake yalikuwaje? Palitokea vijiji vya watu wasio na wajomba. Mzee wa kijiji alikuwa padri, shamba lilikuwa la padri, mke alitoka kwa padri, na aliyekosana na padri hakuwa na pa kwenda, ila atoroke. Na kweli wengine walitoroka, ingawa walikuwa wamelishwa na kuvikwa. Wavulana wa Kiungani walipopewa nafasi ya kusimulia maisha yao, katika habari zilizochapwa kitabuni mwaka 1887, walieleza makwao, na jinsi walivyotekwa na kuuzwa. Walikuwa wameyahifadhi hayo yote vifuani mwao chini ya majina mapya.

Na tumtazame Cecil Majaliwa. Huyu alikuwa mtoto wa Kiyao aliyeuzwa utumwani akiwa mdogo, akalelewa na misheni Unguja, akasomeshwa Kiungani na hata Canterbury, na mwaka 1890 akapadirishwa, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kufika daraja hilo. Kazi yake ilistawi wapi? Ilistawi Chitangali, alipopelekwa kuishi kati ya Wayao, watu wa lugha yake. Kule ndiko alikopata waumini na wanafunzi kwa wingi. Elimu ya misheni ilikuwa mbegu nzuri, nayo iliota iliporudishwa kwenye udongo wake. Hilo wamisheni wenyewe walilishuhudia zaidi ya miaka 130 iliyopita. Mpango wa Daniel Comboni, ambaye wamisheni wengi wa Sudan wamejiita kwa jina lake, uliandikwa mwaka 1864, na shabaha yake ilikuwa kuifufua Afrika kwa Waafrika wenyewe. Kanisa lake limemtangaza kuwa mtakatifu tangu mwaka 2003. Tungependa na mpango wake nao upewe heshima hiyo.

Hapa tutakatizwa, na atakayetukatiza ana haki. Atasema: ninyi mnausifu ukoo kana kwamba ukoo hauna mwovu ndani yake. Mtoto wa marehemu hupewa chakula cha mwisho na kazi ya kwanza. Waswahili wenyewe husema yatima hadeki. Tena atatupa ushahidi wa Kakuma, nao ni ushahidi mzito. Tangu mwaka 1987 maelfu ya watoto, wengi wao wavulana wa Kidinka na Kinuer, walitembea kwa miguu kutoka Sudan hadi kambi za Ethiopia; utawala wa Mengistu ulipoanguka mwaka 1991 wakafukuzwa tena, na mwaka 1992 wakaingia Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Wavulana walikaa makundi makundi, wakaonekana. Wasichana waligawiwa kwa jamaa na majirani kambini, kama mila isemavyo, wakatoweka machoni pa watu. Marekani ilipowachukua vijana wapatao 3,800 kuanzia mwaka 2000, wasichana walikuwa 89 tu. Waliobaki walikuwa wakichota maji na kulea watoto wa wengine, na baadhi yao walikuwa wakingojewa mahari yao yaliwe na watu wasio baba zao.

Hatulikwepi hili. Ni aibu ya ukoo, na wanaotaka kuitetea mila kwa kuificha aibu hiyo wanaiharibu mila. Lakini tuulize kilichokosekana Kakuma. Pale palikosekana wazee wenye uwezo wa kumshtaki mlezi mbaya, maana vita na kambi vilikuwa vimekwisha kuwanyang'anya wazee mamlaka, na ng'ombe, ambao ndio dhamana ya maneno yao, walikwisha kuporwa. Palikosekana pia mtu wa shirika au wa serikali wa kuingia katika kibanda na kuuliza: huyu binti yumo katika daftari la shule, au hayumo? Kama wangepatikana masista wawili wa kufanya kazi hiyo tu, ya kuzunguka nyumba kwa nyumba na daftari mkononi, wangewaokoa wasichana wengi kuliko ambavyo jengo lolote lingeweza kuwaweka. Mlezi akiwa mbaya, mtoto ahamishiwe kwa mlezi mwingine, na pale ambapo hapana kabisa jamaa hata mmoja, mtoto apewe nyumba ya mtu na jina lake mwenyewe. Sheria na ukaguzi viufuate ukoo. Daktari hamkati mgonjwa kichwa kwa kuwa kichwa kinauma.

Na wale wavulana wenyewe, ambao ulimwengu uliwaita yatima, wengi wao walipofika Marekani na kupata simu na fedha walianza kutafuta, na wengine wakawapata mama zao wakiwa hai, huko Bor na Bahr el Ghazal, wakiwa wamekwisha kuwalilia kama wafu. Miaka kumi na zaidi waliitwa yatima ilhali hawakuwa yatima. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilikadiria kwamba kati ya watoto watano wanaokaa katika nyumba za namna hii ulimwenguni, walau wanne wana mzazi mmoja au wawili walio hai. Basi nyumba ya yatima aghalabu ni nyumba ya watoto wa maskini. Mama mjane asiye na ada ya shule humpeleka mwanawe kituoni kwa sababu shule iko kituoni. Laiti shule ingekuwa kijijini, asingeachana naye.

Ndiyo maana twasema kwamba jambo hili lina upande wa fedha, nao lazima utajwe ingawa hauna adabu nzuri. Mfadhili wa ng'ambo hutoa fedha kwa mtoto mwenye picha na namba. Mtoto aliye kwa shangazi yake, mwenye kula ugali wa mtama na kuchunga mbuzi baada ya shule, hapendezi katika picha. Kituo chenye vitanda 60 lazima kiwe na watoto 60, ama fedha hukoma. Na vita vikitulia na jamaa wakaanza kurejea, msimamizi wa kituo hujikuta anakiogopa kile ambacho alipaswa kukiomba Mungu. Hatusemi kwamba kila msimamizi ni mwizi. Twasema kwamba mpango wenyewe humsukuma mtu mwema kuelekea ubaya. Mwaka 2007 Wafaransa wa shirika moja lisilo la kidini walikamatwa Chad wakitaka kuwapakia ndegeni watoto 103 waliowaita yatima wa Darfur. Wengi wao walikuwa watoto wa Chad wenye wazazi. Mwaka 2010, baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, Wabaptisti 10 wa Marekani walizuiwa wakiwavusha mpaka watoto 33, ikaonekana kwamba wana wazazi hai. Watu hao, tunavyoamini, hawakujiona kuwa watekaji. Walijiona waokozi, kwa sababu walikwisha kuamini kwamba mtoto mweusi aliye katika shida ni mtoto asiye na mtu.

Kuna wanaosema kwamba hakuna njia nyingine. Ipo, na jirani zetu wameionyesha. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ilikuwa na sababu ya kujenga nyumba za yatima kuliko nchi yoyote, na zilijengwa nyingi, makanisa yakiwa mbele. Mwaka 2012 ilihesabu watoto 3,323 katika nyumba 33, ikaamua kuwarudisha katika familia: kwanza za jamaa zao, na pasipo jamaa, za walezi waliojitolea na kukaguliwa. Nyumba moja baada ya nyingine ikafungwa au ikageuzwa kazi. Kama ukoo uliweza kutafutwa Rwanda, ambako jirani alimwua jirani, hatuoni ni kwa nini usitafutwe kwa Wadinka na Wanuer, ambao mtu wao aweza kukutajia babu kumi bila kupumua.

Na katika Sudan Kusini yenyewe, kanisa linaweza kufanya vingine, maana limekwisha kufanya. Paride Taban alipadirishwa mwaka ule ule wa 1964 ambao wamisheni wa kigeni walifukuzwa. Akawa Askofu wa Torit mwaka 1983, vita vya pili vilipoanza. Baada ya vita hakwenda kuomba fedha za jumba la yatima. Mwaka 2005 alianzisha kijiji cha amani huko Kuron, katika Ikweta ya Mashariki, kati ya watu walioporana ng'ombe na kuuana miaka mingi, Watoposa na Wamurle wakiwamo. Pana shule, pana zahanati, pana shamba la kufundishia kilimo. Hakuwaondoa watoto kwa watu wao awaokoe na uadui. Aliileta shule mahali ambapo uadui ulikuwapo, ili mtoto wa mporaji na wa aliyeporwa wakae dawati moja na jioni kila mmoja arudi kwao. Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo mwaka 2013. Alifariki Novemba 2023. Tungependa vitabu vyetu vya uraia vimtaje, kwa sababu Mwalimu Nyerere, alipowahutubia masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970, alilitaka Kanisa lisimame upande wa wanyonge katika kuibadili hali inayowaonea, lisitosheke na kuwagawia sadaka. Kuron ni jibu mojawapo kwa hotuba hiyo.

Limebaki neno linalotuhusu sisi moja kwa moja. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na mwaka 2019 Rais Salva Kiir aliiomba Tanzania walimu wa Kiswahili. Ombi hilo ni heshima kubwa, na kila mpenzi wa lugha hii atalifurahia. Lakini tuwe waangalifu tusije tukawa wamisheni wa aina nyingine, wenye kitabu kingine na ua ule ule. Katiba ya mpito ya nchi hiyo, ya mwaka 2011, inazitambua lugha zote za wenyeji kuwa lugha za taifa. Mtoto wa darasa la kwanza aliyeokoka vitani na kubaki na nyanya yake, asomeshwe kwa lugha anayozungumza na nyanya huyo, kama ulivyotaka mkutano wa Rejaf karibu miaka 100 iliyopita. Kiswahili kije juu yake kikiwa mgeni mwenye adabu, katika madarasa ya mbele. Na wale wanaotuomba michango maofisini twawataka watuletee hesabu ya namna nyingine: mshahara wa mwalimu wa kijiji kwa mwaka, bei ya sare na madaftari ya mtoto anayekaa kwa baba yake mdogo, bei ya mbuzi wawili wa maziwa kwa shangazi anayelea watoto watano wa marehemu nduguye, na nauli ya mtu wa kuzunguka na daftari la majina. Hesabu hiyo ikija, tutaitia sahihi.